Kisicho na Jina Huuzwa kwa Kilo

Nianze na madai yenyewe, asije mtu akasema nimemzungusha. Nairobi ni mji uliozaliwa na garimoshi. Ndani ya mji huu, katika gereji, stoo na vyumba vya nyuma, yamo magarimoshi madogo ya mvuke yaliyotengenezwa kwa mkono na watu waliokuwa wakitoka kazini jioni na kuanza kazi ya pili isiyo na mshahara. Si sanamu. Yana boila, yanachoma makaa ya mawe, yanachemsha maji, yanavuta mtu mzima aliyeketi kwenye kigari. Hayamo katika orodha yoyote. Na kwa kuwa hayamo, yanakwisha moja moja, na kinachoyamaliza si kutu bali mizani ya mnunuzi wa vyuma kuukuu. Nasema kosa ni letu, na dawa yake ni rahisi kuliko sahani ya pilau pale River Road: daftari, kalamu, tepu ya kupimia, na adabu ya kumuuliza mtu jina lake.

Najua vicheko vitakavyofuata, maana nimeshavisikia. Nimevisikia kwenye stegi ya matatu Kangemi: "Nchi haina unga, wewe unahesabu vitoi vya wazee?" Nimevisikia Westlands, mahali ambapo kikombe cha kahawa ni bei ya chakula cha mchana, vikisemwa kwa maneno laini zaidi: eti ni jambo zuri, lakini ni la watu wachache sana, tena si letu. Maneno tofauti, dharau ile ile. Basi tuongee taratibu.

Kwanza, toi ni nini? Toi ni kitu kinachofanana na kingine bila kufanya kazi ya hicho kingine. Ukichukua waya na vizibo vya soda ukamtengenezea mtoto lori, hilo ni toi, na ni toi zuri. Lakini garimoshi dogo la mvuke halifanani tu na garimoshi, ni garimoshi. Moto uko kwenye tumbo la boila, moshi wa moto unapita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, maji yanageuka mvuke, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu. Mvuke ukishamaliza kazi unatokea kwenye dohani, na unapotoka unavuta hewa kupitia motoni, kwa hiyo kadiri injini inavyofanya kazi ndivyo moto unavyozidi kukoka. Hakuna hatua hata moja hapo iliyo ya kuigiza.

Tena ni kazi ngumu kuliko ile kubwa kwa njia ambayo mtu asiyeshika vyuma hawezi kuiona. Ukipunguza injini mara 8 kwa urefu, eneo la mabati yake linapungua mara 64, na ujazo na uzito wake unapungua mara 512. Maana yake boila ndogo ina ngozi kubwa mno kwa tumbo dogo, kwa hiyo inapoteza joto upesi. Bomba la kupitisha mvuke linakuwa jembamba kama mrija wa soda, na punje moja ya uchafu inaliziba. Unaweza kupunguza chuma, unaweza kupunguza gurudumu, lakini mvuke haupunguziki. Maji ya Nairobi yakiwa wazi yanachemka kwenye digrii 95 hivi, yawe ya sufuria ya githeri au ya boila ya injini ndogo ambayo bado haijajenga presha. Fundi inabidi aujue mvuke kama ulivyo, asiudanganye.

Waingereza waligombana kuhusu jambo hili hadharani. Gazeti lao la Model Engineer lilianza 1898, na katika miaka ya 1920 likazuka humo zogo ambalo wenyewe wanaliita vita vya maboila. Upande mmoja alikuwepo Henry Greenly na wenzake waliopendelea boila rahisi na moto wa spiriti. Upande wa pili alikuwepo mtu aliyejiita LBSC, herufi za shirika la reli aliloliwahi kulitumikia, akisisitiza kwamba injini ndogo inaweza kuchoma makaa ya mawe kama dada yake mkubwa na kuvuta watu. Injini yake aliyoiita Ayesha, ya reli yenye upana wa inchi 2½ tu, ilimaliza ubishi. Baada ya hapo LBSC aliandika kwa miongo kadhaa, akieleza kifaa kwa kifaa jinsi ya kutengeneza injini kwa mtu mwenye mashine moja ndogo ya leithi na chumba cha nyuma. Gazeti lilisafiri kila mahali palipokuwa na reli na mtu anayesoma Kiingereza. Nairobi palikuwa pahali kama hapo.

Na Nairobi kulikuwa na mikono. Reli ilifika hapa Mei 1899, kwenye maili 327 kutoka Mombasa, palipokuwa na maji na uwanda wa kupumzikia kabla ya kuanza kupanda milima. Kilichojengwa kwanza hakikuwa bunge wala hoteli bali stesheni, yadi na karakana. Zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga reli hiyo. Karibu 2,500 walikufa, na elfu kadhaa walibaki na kuufanya mji huu kwao. Waafrika wakaingia karakana wakibeba, wakisafisha, wakiangalia, halafu wakishika vyombo wenyewe. Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977, The African Artisan, alifuatilia jinsi ufundi ulivyotoka kwenye karakana za Wahindi ukaingia mikononi mwa mafundi Waafrika, na kutoka hapo ukasambaa barabarani hadi kwenye hiki tunachokiita jua kali. Ukisikia nyundo za Kamukunji zinazokunja mabati ya masanduku, unasikia pia mwangwi wa karakana ya reli.

Sasa mchukue mtu aliyefanya kazi karakana kwa miaka 25. Mchana anarekebisha valvu ya garimoshi la tani 250. Jioni anarudi Makongeni, au Muthurwa, au baadaye sana kwenye shamba lake Dagoretti. Kwa nini asitengeneze lake? Anajua kila kipande. Mabaki ya shaba yapo. Jirani ana leithi. Hilo ndilo tunaloliita "mchezo wa wazungu"?

Hapa nitasema kitu kuhusu Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na nitakisema kwa upendo, kwa sababu kama si hayo tusingekuwa na lolote. Yalifunguliwa 1971, karibu na stesheni, na ukishalipa langoni unaweza kutembea kati ya majitu ambayo nchi nyingine zingeyajengea kasri. Simama mbele ya injini 5918, Mount Gelai. Hiyo ni ya daraja la 59, aina ya Garratt, ambayo boila yake imening'inizwa katikati ya injini mbili ili iweze kukunjika kwenye kona. Zilitengenezwa 34 na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, zikaja 1955 na 1956, na hakuna magarimoshi ya mvuke makubwa kuliko hayo yaliyowahi kutembea juu ya reli ya upana wa mita moja. Urefu ni zaidi ya mita 31. Zimebaki mbili, hiyo na 5930, Mount Shengena, na zote mbili ziko hapo. Gelai na Shengena ni milima ya Tanzania, kwa hiyo hata majina yake yanatukumbusha kwamba reli hii ilikuwa ya nyumba moja kabla ndugu hawajagawana vyombo 1977.

Lakini soma kibao cha shaba kilichobanwa ubavuni mwa injini yoyote ya zamani. Kitakwambia kiwanda, mji wa Uingereza, namba na mwaka. Kila chuma kina baba mzungu mwenye anwani. Aliyeifungua injini hiyo mara mia, akaisafisha mabomba, akaitengenezea kifaa kipya cha shaba kwa sababu cha Manchester kingechelewa meli, huyo hana kibao. Sisemi walioandika walikuwa na nia mbaya. Nasema katalogi iliyorithiwa ilikuwa ya mwenye mali, na katalogi ya mwenye mali huandika kilichonunuliwa. Kilichotengenezwa bila kununuliwa hakina safu yake.

Garimoshi dogo la nyumbani ndicho kitu pekee katika historia ya reli yetu ambacho fundi alikitengeneza kuanzia bolti ya kwanza hadi ya mwisho, kwa uamuzi wake, bila bwana mkubwa nyuma ya bega. Ukitafuta saini ya fundi wa reli wa Kenya, usiitafute kwenye Mount Gelai. Itafute stoo, chini ya gunia.

Nimekuwa nikitafuta. Daftari langu ni la kawaida, la kurasa 200, na mpaka sasa lina injini tatu. Nitazieleza, kwa sababu hoja bila mifano ni kelele.

Ya kwanza iko Parklands, kwenye nyumba ya zamani yenye mwembe uani. Upana wa reli ni inchi 3½. Magurudumu manne, yote ya kusukuma. Boila ya shaba nyekundu, imeungwa kwa risasi ya fedha, kazi safi kiasi kwamba ukipitisha ukucha kwenye kiungo huusikii mshono. Mchoro ni wa Tich, injini ndogo ya LBSC ambayo wanafunzi wengi wa ufundi huu huanzia nayo. Mama mwenye nyumba alinikaribisha chai, akanionyesha pia makopo mawili ya biskuti yaliyojaa skrubu. Baba mkwe wake alikuwa fita wa reli. Nilipouliza jina la mtengenezaji alinitajia la mzee. Nikauliza, "Mama, alifanya peke yake?" Akanyamaza kidogo, akacheka. "Hapana. Magurudumu hakuchonga yeye. Kulikuwa na kijana wa leithi, wa upande wa Kikuyu, alikuwa anakuja Jumapili. Alikula hapa na sisi." Jina la pili alilikumbuka, na sasa majina yote mawili yako kwenye ukurasa mmoja. Kama nisingeuliza swali la pili, nusu ya ukweli ingezikwa na mama huyo.

Ya pili iko Kangemi, chini ya mabati, nyuma ya kibanda cha fundi anayechomelea milango na mageti. Huyu hakuwahi kuajiriwa na reli. Alipelekwa makumbusho na shule yake ya msingi akiwa mtoto, akarudi mtu mzima kwa pesa zake mara kadhaa, akiwa na kamba yenye mafundo ya kupimia. Upana wa reli yake ni inchi 5, na reli yenyewe ni vyuma vya pembe vilivyobaki kwenye mageti. Silinda mbili, alizichonga mwenyewe. Boila ni mtungi wa chuma uliokuwa wa kazi nyingine. Ameinyoosha michoro yake kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda, na ukuta huo nao nimeupiga picha, kwa sababu mvua moja ya Aprili inatosha kuufuta. Kwenye safu ya boila nimeandika kwa herufi kubwa: HAIJAPIMWA, ISIWASHWE. Hakufurahi. Tutarudi hapo.

Ya tatu haipo. Ilikuwa Dagoretti, si mbali na reli inayopanda kutoka Kibera kwenda Kikuyu. Mwenyewe alikuwa mzee mstaafu wa karakana. Wajukuu walimwita guka na wakikumbuka walivyovutwa naye uani siku za Krismasi, mmoja mmoja, kwa zamu. Alipofariki, familia ilikuwa na deni la hospitali na la mazishi. Kijana wa mkokoteni akapita akiuliza kama kuna vyuma. Boila ya shaba ikapimwa: kilo saba. Fremu na magurudumu yakaenda kwa bei ya chuma cha kawaida. Mjukuu aliyenieleza hakuwa na aibu yoyote, na sioni kwa nini awe nayo. "Tungejua ni kitu," alisema, "tungekopa kwingine." Limebaki gurudumu moja linalozuia mlango wa jikoni usijifunge. Nimelipima. Lakini gurudumu moja haliwezi kukwambia upana wa reli, wala ngapi zilikuwa silinda, wala mchoro ulitoka wapi. Ukurasa wa injini hiyo una jina la guka, kipenyo cha gurudumu, na nafasi tupu.

"Tungejua ni kitu." Hoja yangu nzima iko ndani ya maneno hayo matatu. Ile familia haikuwa na ujinga wala tamaa. Ilikosa karatasi. Kitu chenye jina, namba na picha hukatalika kuuzwa, au kikiuzwa huuzwa kwa bei ya kitu. Kisicho na jina huuzwa kwa kilo.

Mtu ataniambia sheria ipo. Ipo, na nimeisoma. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006, inapoeleza kitu cha kale kinachohamishika, inaweka mpaka wake kwenye kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Sasa kumbuka: reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa 1896. Kwa fasili hiyo, historia nzima ya garimoshi Kenya imezaliwa ikiwa imechelewa mwaka mmoja. Waziri anaweza kutangaza kwamba kitu fulani kinalindwa, ni kweli. Lakini waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemwambia kipo.

Na tazama kejeli hii. Mwaka 2015 tulitunga sheria ya biashara ya vyuma kuukuu, inayomtaka mnunuzi aweke kumbukumbu ya anachonunua. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, serikali ikaisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa, kisha ikairudisha kwa masharti. Kwa hiyo tunajua kuandika tukitaka. Ila ona nani anaandika na anaandika nini. Huenda garimoshi la guka wa Dagoretti liliandikwa mara moja tu tangu kutengenezwa kwake, kwenye kitabu cha aliyelinunua ili liyeyushwe: shaba, kilo saba.

Nilipeleka pendekezo kwenye ofisi moja katikati ya mji. Sitaitaja. Nilisubiri kwenye benchi mpaka saa sita, nikapokelewa kwa heshima, nikaambiwa hawana fomu ya kitu kama hicho. Nikasema fomu nimekuja nayo. Nikaambiwa fomu isiyo yao hawawezi kuipokea. Sikukasirika, afisa yule alikuwa anasema ukweli wa kazi yake. Ofisi huona kile ambacho fomu zake zinaona. Ndiyo maana sisubiri tena ofisi, na ninawaomba nanyi msisubiri.

Sasa nijibu wanaobisha, maana wapo wanaobisha kwa akili.

Wa kwanza anasema: haya ni mabaki ya ukoloni, yaache yafe. Ndugu yangu, reli kubwa ilijengwa kutawala, hilo halina mjadala. Ilichukua ardhi, ilipandisha askari, ilishusha pamba na kahawa. Lakini fundi aliyejifunza siri ya mtambo huo na kuujenga upya uani kwake, kwa ukubwa wake, kwa raha ya wajukuu wake, huyo aliufanya nini ukoloni? Mimi naona aliunyang'anya kitu. Ukilifuta jina lake kwa jina la kupinga ukoloni, umemaliza kazi ambayo mkoloni aliianza.

Wa pili anasema: anza na makubwa. Mount Gelai inakula mvua, wewe unahangaika na kitu cha kubeba mkononi? Nakubali Mount Gelai inastahili zaidi. Lakini Mount Gelai ina namba, ina kibao, ina marafiki duniani kote wanaojua kila bolti yake. Haiwezi kutoweka usiku. Mradi wa Nairobi Railway City ukiendelea kuzunguka stesheni, watu watapiga kelele kuhusu injini zile kubwa, na kelele hizo nitazipiga nami. Nani atapiga kelele kwa ajili ya gunia la stoo? Tena gharama hailingani. Kuitengeneza Garratt ni mamilioni. Kuisajili injini ndogo ni nauli ya matatu na alasiri moja.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Anasema: ukiandika wapi kuna boila ya shaba, umewaandikia wezi ramani. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana katika makala hii sijataja barabara wala namba ya nyumba. Jibu lake ni vitabu viwili. Kitabu cha wazi kina namba ya injini, vipimo, picha na, familia ikikubali, jina la mtengenezaji. Kitabu cha ndani kina mahali ilipo, na kinakaa kwa mtu mmoja anayeaminiwa na wenye injini. Pia kitabu cha wazi chenyewe ni ulinzi: injini yenye picha tatu na alama zinazojulikana ni ngumu kuuza mbele ya watu.

Wa nne ni yule fundi wa Kangemi. Yeye anasema: umekuja kwangu kama mpenzi wa magarimoshi, umeondoka kama polisi. Kwa nini uniandikie ISIWASHWE kwa herufi kubwa? Kwa sababu, bwana fundi, mvuke uliofungiwa hauna urafiki. Boila huijaribu kwa maji baridi, si kwa mvuke. Unaijaza maji mpaka hewa yote itoke, unaisukuma kwa pampu ya mkono hadi mara mbili ya presha itakayofanyia kazi, unaangalia geji kama inashuka na mabati kama yanavimba. Maji baridi yakipasua boila, unalowa miguu. Mvuke ukiipasua, mtoto aliyeketi nyuma yako hafiki shule Jumatatu. Vilabu vya Uingereza havikuruhusu injini ipande njia yao bila cheti cha jaribio hilo. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inazungumzia boila za mahali pa kazi, ila ua wa nyumba hauna mkaguzi. Katalogi ndiyo inayoweza kuwa mkaguzi wa kwanza: safu moja inayouliza boila ilipimwa lini, kwa presha gani, na nani alishuhudia. Pampu ya kupimia tunaweza kuchangishana. Siku itakapofaulu nitafuta yale maneno mbele yake, kwa wino wake mwenyewe.

Basi kuna nini kwenye ukurasa mmoja? Nitauandika hapa ili usiseme ni siri ya wataalamu. Namba ya injini kwenye daftari. Upana wa reli, kwa milimita na kwa inchi, kwa sababu michoro ya zamani ni ya inchi. Mpangilio wa magurudumu: mangapi ya mbele, mangapi ya kusukuma, mangapi ya nyuma. Silinda ngapi, kipenyo chake na mwendo wa pistoni. Boila ni ya chuma au shaba, imeungwa vipi, imepimwa lini. Inachoma nini. Mchoro ni wa nani, au ni wa kichwani mwake, au ulipimwa kwa kamba yenye mafundo. Ilianza lini, iliisha lini, au haikuisha. Na isiyoisha iandikwe kwa heshima ile ile, maana mtu anaweza kufa na pistoni mkononi. Nani aliyechonga, nani aliyechomelea, nani aliyemimina kalibu. Iliwahi kuvuta nani. Na lugha waliyoitumia kuita vipande vyake, kwa sababu vidole vya mafundi vina msamiati ambao kamusi zetu hazijawahi kuusikia, na nao unakwenda na wazee.

Safu ya mtengenezaji iwe na mistari minne, si mmoja. Hilo silipunguzi kwa mtu yeyote. Ukiweka mstari mmoja, atajazwa mwenye nyumba, na kijana wa leithi wa Jumapili atapotea tena.

Nimewasikia pia wanaosema tuweke yote kwenye simu, kwenye programu, wingu litatunza. Pigeni picha, ndiyo, na muzitume. Lakini simu ya mzee hufa naye kwa sababu hakuna anayejua namba ya siri. Karatasi iliyofungwa pamoja na injini, ndani ya mfuko wa plastiki, imekazwa kwa waya kwenye fremu, hiyo ataiona hata kijana wa mkokoteni. Iandikwe kwa Kiswahili chepesi: hii ni garimoshi, ilitengenezwa na fulani, kabla hujaipima uliza nyumba hii. Huenda asiulize. Lakini kwa mara ya kwanza itabidi aamue, na yule anayemuuzia pia itabidi aamue.

Kwa hiyo Jumamosi hii, wewe uliyesoma mpaka hapa, nenda kwa mzee wenu aliyefanya kazi reli, au karakana yoyote, au kwa yule jirani wa Kawangware ambaye taa ya stoo yake haizimwi mapema. Usiende na hotuba. Beba sukari na majani ya chai, salimia, kaa. Uliza kama kuna kitu aliwahi kutengeneza ambacho hakikuwa cha kuuza. Akikuonyesha, pima. Akikutajia jina lake, andika. Halafu usifunge daftari. Muulize nani alimsaidia.